Jina Lako, Sufuria Yetu

Mugisho, mutoto wangu,

Valizi yako nimeisha kuifunga na kamba, maana ile kufuli siiamini. Viatu vipya nimevitia juu kabisa. Ukivivaa Kinshasa usiwaambie watu bei, watakucheka kwamba mama yako alipigwa. Na kweli nilipigwa. Ile habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya marafiki wenye maneno ya sukari, shangazi yako amekuimbia juma zima, nami sina la kuongeza. Aliyekulia nyuma ya restora anajua mwenyewe kukataa chakula kilicholala.

Barua hii ni ya jambo lingine. Naiweka juu ya valizi uione ukiamka. Isome kabla ya chai, usiihifadhi kwa ajili ya ndege. Ndege inaruka Kavumu, na kabla ya Kavumu kuna Miti, na mimi nataka tufike Miti ukiwa umeisha kuisoma.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini tukipita Miti najifunika kitenge mpaka kichwani kama mtu anayesinzia. Nilikujibu kwamba barabara ile inanitia kizunguzungu. Barabara haina kosa. Ninamficha Maman Riziki uso wangu.

Najua unachojua juu yake, kwa sababu ni mimi niliyekupa. Nilikuambia: "Alinikosea, akaondoka." Aliondoka, hilo ni kweli. Hilo la kwanza nililitunga.

Sasa ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mwanzo wake ulikuwa mzuri na sitaki uupoteze pamoja na mwisho.

Baba yako alipoenda Shabunda kutafuta dhahabu akapata mke, nilibaki na wewe mgongoni, bado hujatambaa, na beseni moja la sambaza. Nilikuwa nakaa chini pale Kadutu, sokoni, nauza samaki kwa mafungu. Kulia kwangu alikaa Maman Riziki na mchele, kushoto Maman Vumilia na maharage. Mvua ikinyesha tulijibana wote watatu chini ya shiting moja, lile turubai la plastiki, na beseni zetu katikati. Siku moja, tukiwa tumelowa hivyo, Vumilia akasema: "Munaona? Hapa chini kuna chakula nzima. Inakosa tu moto." Ndiyo ikawa restora. Hakuna mzungu aliyetufundisha, hakuna mradi. Tulikodi kile chumba cha mbao juu ya soko, kila mtu theluthi yake. Sufuria tulinunua pamoja, benchi pamoja, makala ya kuwasha moto pamoja.

Kikabaki kitu kimoja kisichokubali watu watatu, nacho ni patente. Unajua patente: ile karatasi ya ruhusa ya biashara ndogo, unailipia kila mwaka, na inaandikwa jina moja. Vumilia hakuwa na karte ya kura. Riziki alikuwa nayo, lakini ofisi zilimtisha. Akiona meza yenye mihuri anasahau hata jina la baba yake. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, Kifaransa nilikuwa nakiparamia. Basi likaandikwa langu. Niliporudi na ile karatasi, Riziki alikuwa anasonga bugali. Hakuacha hata mwiko. Akasema:

"Ni sawa, dada. Jina lako, sufuria yetu."

Tukacheka, na neno likabaki. Amande, ile faini ya watu wa usafi, ikija: jina lako, amande yetu. Mteja akisifia: jina lako, sifa yetu. Na kila mwaka wa kulipia patente, wale wawili walileta theluthi zao wenyewe, sikuwahi kudai. Sikiliza hapo vizuri. Wanawake waliolipia karatasi isiyo na jina lao, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu niliwaambia tuko pamoja.

Wewe ulikulia mgongoni mwa Riziki zaidi ya kwangu, maana mimi mikono yangu ilikuwa kwenye mafuta ya moto. Ulipoanza kusema ulishindwa jina lake, ukamwita Maman Riz, yaani Mama Mchele kwa Kifaransa. Yeye mwenye kupika mchele! Wateja waliosoma Kifaransa walicheka mpaka wanapaliwa. Akawa Maman Riz soko nzima. Na ukoko wa mchele, ule mwekundu wa chini ya sufuria, hakumpa mtu. Ulikuwa wako ukitoka shule.

Halafu ikaja korona. Shule zikafungwa, nami nikakupeleka Bagira kwa nyanya yako. Ndiyo maana hukuona yaliyofuata. Redio ikasema restora zifungwe. Mpaka wa Ruzizi ukafungwa, kitunguu kikawa na bei ya nyama. Wiki za kwanza tuliuzia mlango wa nyuma, sahani zimefunikwa majani ya ndizi, kama tunauza bangi. Polisi wakatujua. Mmoja alikuwa anakuja na cache-nez yake mdomoni, ile barakoa ya wakati ule, anaishusha, anakula sambaza zetu bure, anaipandisha, kisha anatuuliza kwa nini tuko wazi. Tukaona tunalisha serikali, tukafunga kweli.

Mwenye chumba hakufunga kodi yake. Mimi ndimi niliyelipa miezi ile, kwa akiba yangu. Hilo nilitaka ulijue, na nitalirudia baadaye kwa aibu, maana nililitumia vibaya.

Basi ikasikika kwamba serikali itatoa msaada kwa biashara ndogo zilizofungiwa milango. Mimi serikali naijua kwa mkono mmoja tu, ule wa kupokea. Miaka yote ile nimelipa kodi za serikali, taksi ya soko, taksi ya moshi, taksi ya kibao ambacho hata sikuwa nacho. Sikuamini. Riziki ndiye aliyesema tujaribu. "Jina liko," akasema. "Kwa nini lilale bure?" Nilipanda na kushuka kwenye ile ofisi nikiwa na fotokopi, na picha, na fotokopi za picha. Huko wakanieleza: mwenye patente peke yake, njia yake ni fupi. Wakiwa ni watu walioshirikiana, ba associé, wanatakiwa kuwa na sheria zao zilizoandikwa, muhuri wa notaire, na faili, ile dossier yao, iende Kinshasa. Na faili ikienda Kinshasa, mutoto wangu, haina mama huko.

Siku ya kuja kutazama kama restora ipo kweli, alikuja papa mmoja, bwana wa koti, na dada wa kupiga picha. Tulikuwa tumesafisha tangu asubuhi. Riziki alikuwa na mwiko mkononi, Vumilia amefunga tabliye, ile aproni ya jikoni.

"Mwenye patente eko wapi?" yule papa akauliza.

"Ni miye, papa."

"Na hawa ba maman mbili? Ni ba associé yako? Juu kama ni ba associé, dossier inabadilika."

Sikuwa nimelipanga. Neno lilitoka lenyewe.

"Hapana, papa. Ni ba client tu."

Wateja. Watu waliolipia kila ubao wa kile chumba! Lakini usinihukumu hapo bado. Vumilia, unamjua, mdomo wake hauna mlango, alikaa palepale kwenye benchi akapiga meza: "Eee papa, shiye ni ba client! Bugali ya hapa iko tamu sana. Ata wewe kaa, kula, utasahau kwenu!" Riziki akaficha mwiko mgongoni, naye akakaa, akajitia kitenge mdomoni asicheke. Yule papa alicheka, akaandika, dada akapiga picha ya ba client wakingoja chakula. Walipoteremka tulicheka mpaka machozi. Riziki akajipangusa macho akasema: "Jina lako, sufuria yetu. Na uongo pia, yetu."

Kwa hiyo uongo wa kwanza ulikuwa wa watu watatu, wa kumdanganya mtu wa koti, na hata leo haunisumbui sana. Laiti ningeishia pale.

Msaada ulitoka. Nilisaini dola mia tisa, nikahesabiwa mia saba na makumi nane. Niliuliza. Wakaniambia zile mia na ishirini ni za karatasi. Karatasi gani, fotokopi nililipa mwenyewe! Lakini nyuma yangu kulikuwa na mstari wa watu, na yule wa dirishani alikuwa anatazama saa. Nikaondoka na hasira kifuani kama moto wa makala mabichi, moshi tupu. Njia nzima ya kurudi nilijiambia: wameniibia. Mimi niliyehangaika. Mimi niliyelipa kodi. Jina langu. Picha yangu. Na ndugu za baba yako, hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa minerval, ile ada yako ya shule, ya muhula mmoja.

Mtu anayejiona ameibiwa asikae karibu na kalkuleta. Nilikaa nayo, ile ya simu. Mia saba na makumi nane kwa watatu ni mia mbili na sitini. Ya kwao wawili, mia tano na ishirini. Nikaanza kuondoa. Kodi ya chumba niliyolipa peke yangu, sehemu yao: mia na ishirini. Zikabaki mia nne. Unga na maharage waliyobeba nyumbani kwao wakati tumefunga: makumi tisa. Zikabaki mia tatu na kumi. Safari zangu za ofisi na fotokopi: thelathini na tano. Zikabaki mia mbili na sabini na tano, na hapo vitu vya kuondoa vikaniishia. Ule unga wenyewe tulikuwa tumeugawana sawa, na mimi nilibeba wangu. Nilikaa nikitazama ile mia mbili na sabini na tano. Mwishowe nikasema: na jina? Jina langu nalo lina bei. Bei gani? Nikaona inafaa kuwa mia mbili na sabini na tano.

Umesoma vizuri. Nilipima jina langu kwa kile kilichobaki.

Walingoja siku kadhaa, hawakuniuliza. Restora zilikuwa zimefunguliwa. Siku hiyo Riziki aliwasha makala kama kawaida, akapika mchele wake, tukamaliza watu wa saa sita. Ndipo Vumilia akaanza, kwa mzaha wake:

"Patron, tunasikia serikali ilikupitia."

"Ilipitia."

"Sasa? Ilikuachia salamu yetu?"

Nikatoa simu. Nikawasomea hesabu yangu yote, kuanzia kodi. Kwenye kodi walikubali kwa kichwa. Kwenye unga wakatazamana. Nilipofika kwenye jina, Vumilia akasimama.

"Jina? Jina iko na bei? Tangu lini? Na patente tulikuwa tunalipa ya nini, ya kupamba ukuta?"

Alikuwa na haki, na mimi nilijua. Mtu asiye na jibu hutafuta jiwe. Nikasema:

"Kwani mbele ya ule papa mulisema nini? Si mulisema wenyewe? Muko ba client."

Vumilia akakaa tena palepale kwenye benchi.

Riziki alikuwa kwenye beseni la maji. Alikuwa anaosha mikono. Akaikausha kidole kwa kidole. Akafungua tabliye yake, akaikunja mara nne, akaiweka mwisho wa benchi. Kisha akaenda kukaa kwenye meza ya karibu na mlango, ile ya wageni, akaweka mikono juu ya meza.

"Maman," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo, aliniita dada siku zote. "Uniletee sahani moja. Mchele, maharage na sambaza."

"Riziki, acha hiyo."

"Ni client njo anaomba."

Nilimpakulia. Mikono yangu ilimpakulia chakula alichopika yeye. Akala polepole, punje kwa punje, mpaka ukoko, ule ukoko wako, nilikuwa nimemchotea bila kufikiri. Akaomba maji. Nikampa. Akauliza ni ngapi. Ile bei ni yeye aliyeipanga mwaka ule, alikuwa anaijua kuliko mimi. Akafungua fundo la kitenge, akaweka noti iliyozidi bei kwenye meza, akainyoosha na kiganja.

"Monnaie, ubakie nayo. Chakula ilikuwa nzuri. Mupishi wenu anajua kazi."

Akatoka. Vumilia akamfuata, ameshika kiatu kimoja mkononi, maana kamba yake ilikatika palepale mlangoni, na hata hilo hakulitania.

Wewe ulirudi kutoka Bagira shule zilipofunguliwa, ukaingia jikoni mbio, ukauliza Maman Riz yuko wapi. Ningeweza kukuambia. Ulikuwa umefika umri wa kuelewa. Nikatazama ule uso wako unaongoja ukoko, nikaona siwezi kuwa mbaya mbele yake. Nikasema: "Alinikosea, akaondoka. Usiniulize tena." Na wewe, kwa kuwa ni mtoto mzuri, hukuuliza.

Zile pesa zilienda wapi? Una haki ya kujua. Nusu na zaidi ililipa minerval yako ya miaka miwili mpaka egzamen d'état, ule mtihani wa mwisho. Iliyobaki nikanunua frigo ya kuuzia maji baridi, na umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, ikafa kabla haijanirudishia hata bei ya waya wake. Na bila Riziki, mchele wangu ukawa uji. Wateja walikuwa wananiuliza: "Maman, leo ni ya kula ao ya kunywa?" Diploma yako ni yako, uliisoma kwa akili yako na kwa kandili, sikuandikii ili uibebe kama deni. Deni lina mwenyewe. Nakueleza tu dawati lile ulilokalia, mguu mmoja ulikuwa wa nani.

Na sasa nafika mahali ambapo nimechana karatasi mara mbili.

Mwaka ule mlipoenda Miti na vijana wa parokia, ulirudi jioni umesimama wima kama askari. Ulikuwa na kitu cha kunipa. Ukaniambia: "Maman, nimemuona ule Riziki. Eko anapika kando ya barabara. Aliniita, 'Mugisho! Mugisho wangu!' Akakimbia na ukoko kwenye jani. Sikuitika. Nikageuza uso, nikapita."

Nakumbuka kila neno. Hukusema Maman Riz. Ulisema "ule Riziki." Na ulikuwa unangoja nikusifu.

Nikakusifu. Nikasema: "Umefanya vizuri." Na usiku huo nikakupikia nyama, siku isiyokuwa ya nyama, na wewe hukujua ni ya nini. Mimi nilijua. Nilikuwa namlipa mwanangu kwa kunifanyia kazi ambayo mwenyewe sikuwa na nguvu ya kuifanya, ya kumwaibisha yule mwanamke mbele ya watu. Yale ya pesa naweza kuyasimulia, unaona, hata nimeyasimulia kwa tarakimu, hata nimechekesha kidogo. Hili siwezi kuliondoa wala kuligawa. Nilichukua upendo wako kwangu nikampigia nao mtu aliyekubeba.

Sikumbuki kulala vizuri tangu ile nyama.

Watu watakuambia mimi ni mwanamke niliyejijenga mwenyewe. Mimi pia nimelisema, mbele ya wageni, mkono kiunoni. Ukilisikia Kinshasa, mtu anasema nilianza peke yangu, bila msaada, mimi na mikono yangu, muulize kwa upole nani alikuwa amembebea mtoto. Na ukija kupata kitu na wenzako kikaandikwa jina lako peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma, na utakuwa wewe, basi ujue mahali pa hatari ni pale. Mimi sikuanguka siku nilipodanganya. Nilianguka siku nilipoona uongo wetu unanifaa peke yangu. Ulikuwa umekaa pale mezani tayari, umeisha kupikwa, nikaupakua tu. Walioniibia mia na ishirini ninawalaani mpaka leo. Mimi niliiba mia tano na ishirini, na nilitaka kuitwa dada.

Vumilia nimemlipa. Alikuja mwaka jana kutoka Luhwindja, anawapikia wachimbaji huko, amenenepa. Nilimkuta kwenye ngazi za soko nikamwambia angoje. Nikampa mia mbili na sitini zake zote, mkononi. Alizihesabu mara mbili, akanitazama, akasema kwa sauti ya soko nzima: "Eee! Leo client eko na monnaie!" Kisha akalia, na mimi nikalia, tukawazuia watu kupita. Nikamwomba anichukulie na ya Riziki, maana angefika Miti kumsalimu kabla ya kurudi. Akazirudisha kifuani kwangu.

"Ya Riziki, usinitume miye," akasema. "Ule hakudai makuta."

Makuta yake, zile mia mbili na sitini, yamekaa tangu wakati huo kwenye kopo la maziwa. Mara mbili nimepanda gari kwenda Miti kwa ajili hiyo tu. Mara ya kwanza nilimwona kutoka mbali, ameinama anapuliza moto, nikamwambia dereva asonge mbele, nikashukia Kavumu, nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji. Mara ya pili nilishuka, nikasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya lori la makala, nikamtazama anavyopakua. Bado anagonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria. Nikarudi.

Na nikuambie nilichokuwa nimepanga kwa kesho, ili ujue mama yako ni nani mpaka mwisho. Nilipanga kukupa bahasha. Tungesimama Miti, wewe ungeshuka, mimi ningebaki garini na kitenge changu kichwani, ungempa kwa adabu zako zile, ungerudi, tungeenda. Barua ya kwanza niliyoandika jioni hii ilikuwa inakueleza hivyo tu, nusu ukurasa. Nilipoisoma nikaona mkono wako tena unafanya kazi yangu. Nimeichana. Mara moja ilitosha.

Kwa hiyo kesho gari litasimama Miti, nimeisha kumwambia dereva na nimelipa na ule muda wa kusimama, asije akapiga honi. Nitashuka mimi. Nitakaa kwenye benchi yake kama anavyokaa mtu yeyote mwenye njaa, nitaomba mchele, maharage na sambaza, na nitakula mpaka mwisho, na baada ya hapo nitasema niliyokuandikia hapa, bila kalkuleta. Akinifukuza kabla sijala, nitafukuzwa. Akinihudumia na kunidai bei ya sahani, nitailipa, na kopo nitaliacha hata akilitupa barabarani.

Wewe sikulazimishi. Ukitaka kubaki garini, baki. Ukiwa na hasira nami, na unaweza kuwa nayo, safiri nayo, hasira ya kweli ni nyepesi kuliko ile ya uongo niliyokupakia. Lakini ukishuka, tangulia wewe. Usinionee haya. Uitikie ule wito wake wa siku ile; amengoja muda mrefu. Atakushika uso na mikono yenye majivu na shati lako jeupe litaharibika. Nimekuwekea lingine ndani ya valizi, chini ya viatu.

Na ikiwa atainua macho aniangalie pale kwenye benchi, kisha akugeukie wewe na kukuuliza, "Mugisho, na huyu ni nani?" usitazame kwangu nikufundishe la kusema. Mimi niliulizwa swali hilohilo juu yake, na unajua sasa nilivyojibu. Wewe jibu lako.

Ni mimi, niliyekuzaa. Waliokulea tulikuwa watatu.